Mahudhurio ya Namba: Hotuba Kuhusu Mapengo Katika Hesabu za Matriksi

Ndugu walimu wa hisabati na takwimu, ndugu wataalamu wa data, na ninyi vijana mlioanza kazi hii mwaka huu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya hesabu za matriksi, yaani majedwali ya namba yaliyopangwa kwa mistari na safu, ambayo baadhi ya thamani zake zinakosekana. Nashukuru kupewa mada hii, kwa sababu imenikaa moyoni tangu nilipokuwa mwalimu wa darasani.

Katika shule moja niliyofundisha, alama za mtihani wa muhula tuliziandika kwanza kwenye daftari kubwa: majina kushoto, masomo juu, na kwa mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani tuliweka kistari kwa kalamu nyekundu. Daftari lilipelekwa kuchapwa, na aliyelichapa, alipoona jedwali la kompyuta limekataa kujumlisha vistari, akaweka sifuri kila penye kistari. Msichana mmoja aliyekuwa amelazwa kwa malaria, na kwa hiyo akakosa mitihani mitatu, alitoka wa mwisho. Mama yake alikuja ofisini na ile ripoti, akaiweka mezani mbele yangu, akaweka kidole juu ya sifuri ya kwanza na kuuliza, “Mwalimu, hapa mwanangu alipata sifuri, au hakuwepo?” Jibu nilikuwa nalo kwenye daftari langu, lakini kwenye karatasi aliyoishika lilikuwa limekwisha kufutika, na wastani wa darasa zima ulikuwa umeshuka pamoja nalo.

Swali la mama yule ndilo swali la asubuhi hii. Baraza la Mitihani la Tanzania hulijibu kila mwaka pasipo utata: katika matokeo ya kidato cha nne, aliyefanya mtihani akashindwa huandikiwa divisheni sifuri, na ambaye hakufanya huandikiwa ABS. Hakuna mzazi anayechanganya mambo hayo mawili. Ajabu ni kwamba sisi wenye taaluma huyachanganya kila siku, tena ndani ya hesabu ambazo hakuna mzazi atakayeziona ili atuulize.

Tuanze na mashine yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za desimali katika kompyuta, kiitwacho IEEE 754, kilitolewa mwaka 1985, na aliyekifanyia kazi kubwa zaidi ni William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Ndani ya kiwango hicho imo alama NaN, maana yake “si namba”, ambayo hutokea pale hesabu isipokuwa na jibu, kwa mfano sifuri ikigawanywa kwa sifuri. Alama hiyo ina tabia mbili ambazo kila anayeshika matriksi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kwamba hailingani na kitu chochote, hata na yenyewe. Ya pili ni kwamba huambukiza: ukiijumlisha na namba yoyote hupata NaN, na ukiizidisha kwa sifuri hupata NaN vilevile.

Lugha ya R, ambayo ni lugha ya kompyuta ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, inakwenda hatua moja mbele kwa kutenga alama nyingine, NA, kwa ajili ya thamani ambayo ilipaswa kuwepo lakini hatunayo. Napenda utenganisho huo. Joto la mchana fulani lilikuwepo duniani hata kama kipimajoto kilikuwa kimevunjika. Hilo ni pengo, na ni jambo tofauti kabisa na hesabu isiyo na jibu.

Katika orodha ya kawaida ya namba, pengo moja hukuharibia jumla moja, lakini katika matriksi madhara husambaa. Kila kijumba cha zao la matriksi mbili, yaani jibu la kuzizidisha, hupatikana kwa kuchukua mstari mzima wa mlalo wa ile ya kwanza na safu nzima ya wima ya ile ya pili, kuzizidisha kijumba kwa kijumba, kisha kujumlisha. Kwa hiyo pengo moja katika mstari wa tatu wa matriksi ya kwanza litajaza mapengo mstari wote wa tatu wa zao. Ukizidisha tena kwa matriksi nyingine, kwa mfano katika mnyororo wa hesabu kumi, mwisho wake unaweza kubaki na jedwali ambalo halina hata namba moja, na chanzo chake ni siku moja ambayo mpimaji hakufika kazini.

Nitumie jedwali la kweli, ambalo linakuja ndani ya R yenyewe na ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifungua jioni hii. Linaitwa airquality, na ni vipimo vya hewa vya jiji la New York kuanzia Mei hadi Septemba 1973. Lina mistari 153, mmoja kwa kila siku, na safu 6: ozoni, mionzi ya jua, upepo, joto, mwezi na tarehe. Mstari wa kwanza unasomeka: ozoni 41, mionzi 190, upepo 7.4, joto nyuzi 67 za Fahrenheit. Shukeni hadi tarehe 5 Mei. Upepo upo, 14.3, joto lipo, 56, lakini ozoni ni NA na mionzi ni NA. Kwa jumla safu ya ozoni ina mapengo 37 na safu ya mionzi ina mapengo 7, na mistari iliyokamilika ni 111.

Hatua ya kwanza katika uchambuzi mwingi ni kuzidisha matriksi kwa geuzo lake, yaani matriksi ileile mistari yake ikifanywa safu na safu zake zikifanywa mistari, ili kupata jedwali dogo la mraba linalounganisha kila safu na kila safu nyingine. Hapa jedwali hilo lina vijumba 36. Tukizidisha bila kugusa chochote, vijumba 20 kati ya hivyo vinatoka tupu, kwa sababu kila kijumba kinachopitia ozoni au mionzi kimeambukizwa. Kinyume cha matriksi hiyo, ambacho ndicho tunachokihitaji ili kupata mstari wa makadirio, hakipatikani.

Wengi wakifika hapa hukasirika na kudhani programu ina kasoro. Mimi naona programu imekuwa mkweli. Imekuambia: hukunieleza la kufanya na siku hizi. Zinazonitia wasiwasi ni zile zinazokujibu bila kukuuliza. Katika pandas, zana ya kuchambua data ya lugha ya kompyuta ya Python, ukijumlisha safu ambayo yote ni mapengo, jibu unalopewa ni sifuri. Katika Excel, kitendakazi cha wastani huruka kijumba kitupu, lakini ukikizidisha kijumba hichohicho kwa namba, kinahesabiwa kuwa sifuri. Na ukitumia kitendakazi cha kuzidisha matriksi, kinakataa na kukupa kosa. Programu moja, kijumba kimoja, maana tatu. Ndiyo maana nasema uamuzi juu ya pengo ni wako wewe mwenye hesabu, na ukiacha kuuamua, utaamuliwa na mtu aliyeandika programu ambaye hakuwahi kuziona data zako.

Sasa tupime maamuzi yenyewe juu ya jedwali hili. Wastani wa ozoni kwa siku 116 zilizopimwa ni sehemu 42.1 kwa bilioni. Mtu akiweka sifuri kwenye mapengo 37, kama alivyofanya mchapaji wetu, wastani unashuka hadi 31.9. Hewa ya New York imesafishwa kwa kalamu.

Ndugu yake sifuri ni namba ya bandia. Watunza data wengi huandika -9999 mahali pa pengo. Data za mvua za CHIRPS, ambazo huanzia mwaka 1981 na hutumiwa sana katika Afrika Mashariki, hufanya hivyo. Mwenye kuona -9999 kwa macho hatadanganyika. Lakini chukueni kituo chenye miezi 480, yaani miaka 40, na wastani wa kweli wa milimita 90 kwa mwezi, kisha mwezi mmoja tu uwe na -9999 iliyosahaulika. Wastani utatoka milimita 69. Ni namba ya kawaida kabisa, haishtui mtu. Itaingia kwenye ripoti, kutoka kwenye ripoti itaingia kwenye mpango wa kilimo, na mkulima ataambiwa eneo lake ni kavu.

Uamuzi wa pili ni kufuta kila mstari wenye pengo. Huu ndio unaofundishwa kwanza, na programu nyingi za takwimu huufanya kimyakimya. Tukiutumia hapa tunabaki na siku 111 kati ya 153, na mtu anaweza kusema si haba. Lakini tazameni siku zilizofutwa zilikuwa za lini. Mwezi Juni una siku 30, na ozoni ilipimwa siku 9 tu. Mapengo 21 kati ya yale 37 yako Juni. Kwa hiyo kufuta mistari kumefuta sehemu kubwa ya mwezi mmoja. Na mwezi huo si sawa na mingine, kwa kuwa wastani wa ozoni kwa siku zilizopimwa ni 29.4 mwezi Juni, wakati Julai ni 59.1 na Agosti ni 60.0. Miezi yenye ozoni nyingi imehudhuria vizuri, mwezi wenye ozoni kidogo umehudhuria vibaya, na wastani wa 42.1 tuliouona mwanzo umevutwa juu. Tukiupa kila mwezi uzito wa siku zake halisi, wastani wa kipindi chote unakuwa 40.9. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini imetokea kwenye hesabu iliyo rahisi kuliko zote, ile ambayo mtu huandika amri moja ya kuruka mapengo na kuendelea na kazi akiamini hajagusa chochote.

Uamuzi wa tatu ni kujaza mapengo kwa wastani wa safu. Unapendwa kwa sababu wastani wa safu haubadiliki na matriksi inarudi kuwa nzima. Nimeona ukitumika hadi kwenye tasnifu za shahada ya uzamili. Fanyeni hesabu: wastani wa Juni, baada ya kupandikiziwa siku 21 zenye 42.1, unaruka kutoka 29.4 hadi 38.3. Na mkengeuko sanifu wa ozoni, yaani kipimo cha jinsi siku zinavyotofautiana na wastani, ambao kwa siku zilizopimwa ni 33.0, unapungua hadi 28.7, kwa sababu tumeongeza siku 37 zinazofanana kama vidole vya sanamu. Kila kitu kitakachohesabiwa kutokana na mkengeuko huo kitakuwa na uhakika wa uongo. Nawasihi vijana, msifanye hivi kwenye kazi ambayo mtu ataitegemea.

Nifike sasa kwenye kile ninachokitetea. Kila mwalimu ana daftari la mahudhurio. Mwanafunzi akiwepo anaandikiwa 1, asipokuwepo 0, na daftari hilo halichanganywi na daftari la alama. Vivyo hivyo, kando ya kila matriksi ya data jengeni matriksi ya pili yenye ukubwa uleule: 1 pale penye kipimo, 0 pale penye pengo. Mimi huiita matriksi ya mahudhurio. Kisha, katika nakala ya data, wekeni sifuri kwenye mapengo. Mtaniuliza, si ndiyo ile sifuri uliyoilaani sasa hivi? Ndiyo hiyo, lakini safari hii ina mlinzi wake. Zidisheni nakala hiyo kwa geuzo lake, mpate jumla za mazao. Zidisheni mahudhurio kwa geuzo lake, mpate idadi ya siku ambazo kila jozi ya safu ilihudhuria pamoja. Halafu gawanyeni kijumba kwa kijumba. Sifuri haikuongeza kitu kwenye jumla, na mgawanyo umefanywa kwa idadi ya waliokuwepo, si kwa 153.

Angalieni idadi zenyewe katika jedwali letu: ozoni na ozoni 116, mionzi na mionzi 146, ozoni na mionzi 111, ozoni na joto 116, upepo na joto 153. Jedwali hilo dogo la mahudhurio lina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa sababu msomaji anaona mara moja kila namba imesimama juu ya siku ngapi. Na hapa niweke tahadhari ya fundi: msijaribu kufuta mapengo kwa kuyazidisha na 0 ya mahudhurio. Nilisema awali kwamba sifuri mara NaN ni NaN, na NA hufanya hivyohivyo. Pengo lazima libadilishwe kwa amri ya wazi ya kuchagua, ndipo kuzidisha kuanze. Nimewaona watu wazoefu wakipoteza siku nzima kwenye jambo hili.

Njia hii ya jozi kwa jozi nayo ina hatari yake, na ningekuwa nawadanganya kama ningeipita. Kwa kuwa kila jozi imehesabiwa kwa siku zake, namba zinaweza kupingana. Fikirini vipimo vitatu, A, B na C, vyote vimepangwa mtawanyo wake, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, uwe 1. Kwa siku ambazo A na B zilikuwepo, uhusiano wao, ambao hupimwa kuanzia -1 hadi 1, ni 0.9; kwa siku nyingine ambazo A na C zilikuwepo, ni 0.9, na kwa siku nyingine tena, B na C zina uhusiano wa -0.9. Kila namba peke yake inawezekana. Sasa tafuteni mtawanyo wa A ukitoa B ukitoa C. Tunaanza na 3, ambayo ni jumla ya mitawanyo mitatu, tunatoa 1.8, yaani 0.9 mara mbili, kwa ajili ya A na B, tunatoa 1.8 kwa ajili ya A na C, na jozi ya B na C, kwa kuwa uhusiano wake ni hasi, inapunguza 1.8 nyingine. Jibu ni -2.4. Mtawanyo ni wastani wa vipeo vya pili, na kipeo cha pili cha namba halisi hakiwi hasi. Tumetengeneza matriksi ambayo haiwezi kutoka kwenye data zozote zilizokamilika, nayo kompyuta itaipokea na kuendelea hadi pale itakapotakiwa kupata kinyume chake au mzizi wake, ndipo ikwame, au mbaya zaidi, isikwame. Kwa hiyo baada ya kugawanya, kagueni: tafuteni thamani maalumu za matriksi (kwa Kiingereza eigenvalues), yaani namba zinazofichua kama kuna mchanganyiko wa vipimo wenye mtawanyo hasi, na ikipatikana iliyo hasi, jueni kwamba siku za jozi hazikubaliani, rudini kwenye mahudhurio.

Pale ambapo mapengo ni mengi na kazi ni nzito, kuna zana bora kuliko hizi. Mwaka 1977 wanatakwimu Dempster, Laird na Rubin walieleza utaratibu uitwao EM, unaokisia mapengo kutokana na makadirio, kisha kurekebisha makadirio kutokana na makisio, ukizunguka hivyo hadi mambo yatulie. Rubin huyohuyo alipendekeza pia kila pengo lijazwe mara kadhaa kwa thamani tofauti zinazowezekana, ili uchambuzi ufanywe kwa kila nakala na tofauti kati ya nakala ihesabiwe kama sehemu ya mashaka yetu. Lakini mchango wake ninaourudia darasani kila mwaka ni makala yake ya mwaka 1976, iliyotutaka tuulize sababu ya pengo kabla ya kulijaza. Je, pengo limetokea kwa bahati tupu, kama karatasi iliyolowa mvua? Je, linaelezwa na mambo mengine tunayoyaona, kama mwezi wa Juni ambao jedwali linauonyesha? Au limesababishwa na thamani yenyewe iliyokosekana, kama kipimo cha mafuriko kinachosombwa na mafuriko? Katika hali hiyo ya tatu hakuna ufundi wa matriksi utakaokuokoa bila maarifa ya mahali data zilipotoka. Utalazimika kumtafuta aliyepima na kuongea naye.

Mtu asidhani mapengo ni tatizo la watu wenye data chache. Mwaka 2006 kampuni ya Netflix ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 utabiri wa alama ambazo watazamaji wangezipa filamu. Matriksi waliyoitoa ilikuwa na watazamaji 480,189 na filamu 17,770, yaani vijumba zaidi ya bilioni 8.5, na vilivyojazwa vilikuwa 100,480,507, kama asilimia 1.2. Zaidi ya asilimia 98 ya matriksi ilikuwa mapengo. Alama zilianzia 1 hadi 5, hivyo kuweka sifuri kungekuwa kusema kwamba karibu kila mtu anachukia karibu kila filamu. Mbinu iliyong'ara iliivunja matriksi hiyo kuwa zao la matriksi mbili nyembamba, huku kosa likipimwa kwenye vijumba vilivyohudhuria peke yake, na zawadi ikatolewa mwaka 2009. Mahudhurio yalikuwa ndani ya hesabu tangu hatua ya kwanza. Tena watafiti waligundua kwamba hata ile orodha ya filamu ambazo mtu aliamua kuzipa alama, bila kuangalia alama zenyewe, ilisaidia kubashiri anachokipenda. Daftari la mahudhurio peke yake lilikuwa na habari.

Ndugu zangu, baada ya chakula tutakaa na majedwali mliyokuja nayo kutoka vituoni, mashuleni na maofisini kwenu. Kabla hamjaanza kuhesabu wastani wowote, kila mmoja afungue jedwali lake, atafute -9999, -99, vistari na sifuri zenye mashaka, ajenge matriksi ya mahudhurio, aizidishe kwa geuzo lake, kisha atuambie ni kijumba kipi chenye idadi ndogo kuliko vyote na ni nani, huko alikotoka, anayeweza kumweleza kwa nini. Aliyekuja na jedwali la alama za wanafunzi naomba akae karibu nami. Asanteni sana kwa kunisikiliza.